Lugha Moja Nyumbani

Ilikuwa saa tatu na dakika kumi asubuhi mabati yalipoporomoka kutoka kwenye lori mbele ya nyumba yetu, Ngaramtoni. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara binafsi ilipofunguliwa, na kila mwenye kipande cha ardhi barabarani alikuwa anajenga duka. Mtoto wa jirani, aliyelala barazani pamoja na wangu, alishtuka akalia mpaka akakosa pumzi. Wangu aliendelea kulala.

"Huyu wako ana moyo," jirani alicheka. "Akikua mpeleke jeshini."

Nilicheka pia, lakini kuanzia hapo nikawa ninawalinganisha. Walikuwa wa umri mmoja, miezi tisa. Wa jirani alishinda akiunganisha sauti: ba-ba-ba, da-da-da. Wangu alikuwa ameanza vizuri na aa na uu, kisha sauti zikapungua. Kitabu cha malezi nilichonunua kwenye meza ya vitabu vya mitumba kilisema kwa umri huo zilipaswa kuongezeka.

Dada wa mume wangu, aliyekuwa anaishi nasi, alikuwa na jibu.

"Wifi, mnamchosha mtoto. Bibi yake Kimeru, baba yake Kichaga, wewe Kiswahili. Hata mimi ningenyamaza."

Mume wangu, aliyezunguka minadani na marobota ya mitumba, akaafiki: nyumbani kiwe Kiswahili tu. Mama yangu, aliyekuja kunisaidia kulea, alikuwa na Kiswahili cha sokoni, cha salamu na bei. Alijaribu. Baadaye nikawa ninamkuta amempakata mjukuu, wote wawili kimya. Asubuhi moja alifunga mzigo wake.

"Nisije nikamharibia ulimi," alisema, akarudi kwake Maji ya Chai.

Wifi alikuwa akitoka alfajiri kwenda kazini mjini. Nikabaki na mtoto. Nilimsemesha polepole, kwa mpangilio: hili sufuria, huu mlango, hii mvua. Alinitazama usoni kwa makini, kisha akarudia kuchezea kifuniko. Ikifika jioni nilikuwa nimeichoka sauti yangu mwenyewe. Taratibu nikaacha kusema. Nilipika, nikafua, nikadeki, na kilichosikika ni matone ya bati likivuja ndani ya ndoo.

Mwishowe nilimpeleka hospitali mjini. Nesi aliniambia nimpakate, akasimama nyuma yetu, akagonga kijiko kwenye kikombe. Mtoto alikuwa anavuta kifungo cha gauni langu. Nesi akapiga makofi. Bado kifungo. Alipopiga kingoma kwa nguvu, karibu kabisa, ndipo mtoto akageuza kichwa kidogo.

"Lugha zimemchanganya," nilisema. "Ni tatu."

"Hapana, mama. Hajaisikia hata moja."

Akaeleza kwamba usikivu kidogo umebaki, na kwamba vifaa vya masikio vinapatikana Nairobi. Kila mwezi unaopita bila kusikia unamchelewesha kusema. Wakati tunasubiri, tumsemeshe uso kwa uso na karibu na sikio, kwa lugha yoyote inayotutoka kwa raha.

Sikurudi nyumbani. Nilipanda gari la Maji ya Chai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akamtazama mtoto. Nikamweleza yote.

"Kwa hiyo si mimi?"

"Si wewe, mama."

Alimchukua, akasogeza mdomo sikioni, na Kimeru chote alichokuwa amekizuia kikamtoka. Mtoto alimtia vidole mdomoni, akitafuta kinachocheza humo. Mama hakunyamaza.

Nilipomweleza, mume wangu hakungoja siku ya mnada. Aliuza robota ambalo hata halijafunguliwa kwa mchuuzi mwenzake, kwa bei ya hasara, na wiki hiyohiyo tukaenda Nairobi mtoto akapimwe na kuwekewa kifaa. Miezi ilipita, nikaanza kuizoea tena ile hali ya kungoja. Kisha siku moja, jikoni, bila kumsemesha mtu, mtoto akaanza: ba-ba-ba-ba.

"Hicho sasa ni Kimeru au Kichaga?" wifi aliuliza.

Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini. Kwenye lile robota alikuwa amepoteza shilingi elfu arobaini na mbili.