Siku Kitenge Kiliponifunga Miguu Ugiriki

Bora niwaambie mwenyewe hapa saluni, kabla hamjaisikia kanisani ikiwa imetiwa chumvi: mimi, Mama Furaha wa Uvira, mwanamke mzima mwenye wajukuu wawili, nilipiga mayowe kama anayekufa mbele ya ufukwe mzima wa Wagiriki, kwenye maji yaliyonifika kiunoni.

Kosa lilianzia hapa hapa Johannesburg, jikoni kwa Kosta. Kazi yangu mnaijua, namtunza mama yake, Madame Eleni, ana miaka themanini na moja na Kiswahili chake ni cha Kalemie, kwetu Kongo (marehemu mumewe alikuwa na duka kule miaka mingi, ndiyo maana tunawasengenya watu wa nyumba ile mbele yao na hawaelewi neno). Mwaka huu Madame alikuwa na ombi moja tu, aogelee tena kwenye kisiwa alikozaliwa kabla miguu haijamkatalia kabisa, na Kosta, ambaye anampenda mama yake mpaka anamhofia kila hatua, akasema ataruhusu ikiwa tu mtu anayejua kuogelea ataingia naye majini. Akanigeukia. "Mama Furaha, wewe umekulia kando ya ziwa, si unaogelea?" Nikamtazama Madame, ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, nikasema ndiyo, sana. (Ziwani kwetu nilifua nguo, nikanunua ndagala, dagaa wetu wale, nikarudi nyumbani. Lakini mtu wa Uvira huulizwa hivyo kila mahali, nasi hatukatai.)

Basi mimi na Madame tukafika. Kisiwa kidogo, ufukwe wa vijiwe chini ya nyumba ya binamu yake, maji unaona mpaka vidole vyako. Madame alikuwa amenipa nguo ya kuogelea, nikaivaa, nikajitazama kwenye kioo, nikasema hapana, siwezi kusimama na mapaja nje mbele ya mtu wa umri wa mama yangu, kwa hiyo nikafunga kitenge juu yake, mafundo mawili, kama naenda harusini. Hapo ndipo nilipojimaliza.

Madame akanivisha miwani ya maji na ule mrija wa kupumulia. "Inama tu, angaria chini," akasema, "kuko samaki ya muzuri."

Nikainama. Kweli walikuwepo, wadogo weusi, nikawafurahia kwa pumzi tatu hivi, halafu kitenge kikajaa hewa kikapanda juu kama puto, watu wakaanza kutazama, nikakivuta chini haraka, kikajizungusha miguuni, nikaanguka kifudifudi, mrija ukaingia maji nami nikayameza, na hapo nikasahau Kifaransa na Kiingereza, nikamwita Yesu, nikamwita mama yangu, nikamkumbatia Madame shingoni, mimi na kilo zangu hizi mnazoziona.

"Simama," akasema bila kupandisha sauti, amenishika kwapani. "Mama Furaha, simama. Maji iko mu kiuno tu."

Nikasimama. Ufukwe wote ulikuwa umesimama pia, bwana mmoja yumo majini na viatu vyake, na binamu anakuja mbio kutoka nyumbani.

Jioni Kosta akapiga simu ya video (binamu alikuwa ameshamwambia kuna mtu nusura azame). Sijafungua kinywa, Madame akamjibu, kwa Kiingereza ili nami nisikie: "Ni mimi. Mguu ulikaza, Mama Furaha akanitoa." Kosta akasema, "Basi, Mama. Hakuna kuingia majini tena." Madame akasema sawa, taratibu, kama mtoto aliyenyang'anywa kitu.

Jamani, aibu ya ufukweni ilikuwa ndogo kando ya ile "sawa". Hata dakika tano hakuwa ameogelea, kwa sababu yangu, na sasa alikuwa anaitupa safari yake nzima ili mimi nisifukuzwe kazi. Nampenda yule mama, niseme ukweli. Nikachukua simu.

"Papa Kosta, mama yako anadanganya kwa ajili yangu. Mimi sijui kuogelea, nilikudanganya jikoni kwako. Yeye ndiye aliyenitoa."

"Yeye alikutoa wewe?"

"Kwa mkono mmoja. Mwingine ulikuwa umeshika miwani yangu."

Nilijua kazi imekwisha. Nikamwona anacheka, halafu hacheki tena, anapangusa macho. "Eish, Mama Furaha," akasema. "Sasa mimi nilikuwa namtafutia mlinzi wa nini? Mwache aogelee."

Kesho yake Madame aliingia peke yake asubuhi, mimi nimekaa kwenye vijiwe na taulo, namhesabia kila anapoinua kichwa. Akaenda mpaka kwenye mwamba, akarudi, akaenda tena. Alipotoka alikuwa anatetemeka na kucheka kwa pamoja, nikamfunika, akaniegemea. "Leo niko mutoto, Mama Furaha," akasema, nikalia mimi.

Nimeapa, mtu akiniuliza kama najua kitu nisichokijua, nitasema sijui, hata akiniuliza mbele ya ninayempenda. Na Jumamosi msinitafute hapa saluni. Nitakuwa kwenye bwawa la manispaa, upande wa watoto wa miaka mitano, najifunza kuelea, kwa sababu Madame ameshasema mwakani hataki kuogelea peke yake.