Nukta Nundu za Dada Yangu

Wiki iliyopita nilikosana na muuza dawa wa Area D. Nilikwenda kuchukua dawa yangu ya presha, akanipa boksi, nikalipapasa kama kawaida yangu, maana dawa nyingine zitokazo nje huwa zimeandikwa jina kwa nukta nundu, haya maandishi yetu ya kusoma kwa vidole. Na kweli yalikuwepo! Nikasoma herufi tatu za mwanzo, kisha kidole kikakutana na kitu kinateleza.

"Hiki nini tena?"

"Kibandiko cha bei, mama."

"Ndiyo ukibandike juu ya maandishi yangu?"

"Jamani, samahani mama. Nilijua ni urembo wa boksi."

Urembo! Watu huko ng'ambo wamehangaika, jina la dawa limevuka bahari, limefika Dodoma salama salimini, halafu linakuja kuzikwa dukani Area D. Nilikibandua kwa ukucha, nukta nazo zikalala. Nikatoka bila kuaga. Nje, palepale kwenye ngazi, nikajikuta namtaka dada yangu kama mtoto anavyomtaka mama yake. Yeye angerudi mle ndani akawapa somo.

Dada alikuwa na macho yake mazima. Mimi nimezaliwa sioni. Tuliishi wawili Mkonze, tangu yeye afiwe na mumewe na mimi nistaafu kazi ya kupokea simu ofisini. Alinizidi miaka minne na hakukubali niisahau hata mmoja.

Kilichomfanya ajifunze nukta nundu ni magadi. Siku hiyo alikuwa kwenye shamba letu la zabibu, wakaja wageni wa kanisani, nami nikawapikia chai. Magadi na sukari vilikaa kwenye makopo ya maziwa yanayofanana, na aliyeyapanga upya ni yeye. Wageni wakanywa kwa adabu, hakuna aliyesema neno, mmoja tu akauliza kama maji ya Mkonze siku hizi yamebadilika. Dada aliporudi nikamsimulia, akacheka mpaka akakaa chini.

"Sasa wewe si ungeonja?"

"Kwani wewe dukani huwa unaonja sabuni, au unasoma jina?"

Kesho yake akaja na trei ya mayai, akakata kipande cha mashimo sita, sawa na nafasi sita za herufi yetu, akamwaga karanga mezani. "Haya, mwalimu. Anza."

Karanga moja kwenye shimo la juu kushoto ni a. Ongeza nyingine chini yake, hiyo ni b. Tulikwenda hivyo wiki tatu, na kila tukimaliza somo tunazitafuna herufi. Baadaye nikampa kibao changu cha shule na kalamu yake ya kutobolea, akaanza kukata kadi kutoka kwenye maboksi ya biskuti na kuzibandika kwenye makopo kwa gundi ya karatasi. Alibonyeza kama anaua kunguni. Nyingine zilitoboka kabisa.

Wala hakuandika jina la kitu akaishia hapo. Kopo la sukari: "Sukari. Kijiko kimoja, nakusikia." La pilipili: "Pilipili. Usijishike macho, hata kama hayana kazi." Mtu mwingine angeniambia hivyo tungefikishana kwa mjumbe wa nyumba kumi. Kwa dada nilicheka peke yangu jikoni, mkono kwenye kopo.

Lakini kwa usahihi alikuwa mkali, hana mchezo. Siku moja nilimimina chumvi kwenye kopo la unga wa mlenda, akanigombeza hadi jirani akaja kuamua. "Kopo likisema mlenda liwe na mlenda! Usinifanye mwongo." Na akinipa kadi mpya lazima niisome kwa sauti mbele yake. Nikikosea neno moja, narudia toka mwanzo. Hakuwahi kuniachia, hata siku ana njaa, hata siku ana haraka ya ibada.

Kisha tumbo likaanza kumsumbua. Tulikwenda hospitali ya Mvumi mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu wakaturudisha nyumbani na maboksi ya dawa. Yote saizi moja, yote laini, hakuna hata moja lenye nukta. Kaka yetu akataka kuleta msichana wa kumhudumia. Dada akakataa katakata. "Sitaki kunyweshwa dawa na mgeni. Nitaandika mwenyewe, mdogo wangu atanipa."

Akaandika. Kadi za mwanzo zilikuwa zilezile za kuua kunguni: ipi ya asubuhi, ipi ya maumivu, ipi ukiizidisha tutaonana mbinguni. Mwezi uliofuata nukta zilianza kulegea. Kila dawa ilipobadilishwa alibandika kadi mpya, na kila kadi mpya ilikuwa dhaifu kuliko iliyotangulia. Kaka alipiga simu akisema sauti ya dada siku hizi ina nguvu, Mungu mkubwa. Nikaitikia amina. Kidole changu kilikuwa kimeshaniambia, na sikumwambia mtu.

Boksi la mwisho lililetwa asubuhi ya upepo mkali. Dada akaomba kibao. Nilikaa pembeni ya kitanda nikimsubiri, na zamani ningesikia kalamu ikigonga; safari hii nilisikia kadi ikikwaruzwa tu, akipumzika, ikikwaruzwa tena. Alichukua muda mrefu mno kwa maneno ya dawa. Akanipa.

Nilipitisha kidole. Hakuna kitu. Nikapitisha cha mkono wa pili. Nikaigusisha mdomoni, maana mdomo husikia zaidi ya kidole. Kadi ilikuwa laini kama ilivyotoka kwenye boksi la biskuti.

"Umesoma?"

"Nimesoma, dada. Asubuhi na jioni, baada ya kula."

Kisha akasema, "Barabara. Hujakosea hata neno."

Nikabeba boksi nikatoka hadi kwa jirani, nikamwomba anisomee alichoandika mtu wa dawa wa hospitali juu ya boksi. Akasoma: kidonge kimoja, asubuhi tu, kabla ya kula.

Nilibaki nimeshika uzio wa jirani. Dada yangu, asiyeniachia neno moja, alikuwa amenipa alama zote.

Jioni ilipofika sikumpa kidonge, naye hakuuliza.

Aliishi siku tano baada ya hapo. Siku tano nzima nilikaa naye, nikimlisha uji, nikimkanda miguu, na sikumuuliza aliandika nini. Niliona haya kwa uongo wangu. Pengine naye alikuwa anasubiri nimuulize. Tangu azikwe nimeipeleka ile kadi kwa watu watatu wenye macho. Wanaigeuza kwenye mwanga, wanaigeuza tena, halafu wananirudishia mkononi wakisema, mama, hapa hapajaandikwa kitu.