Mama Mkwe Kaniapisha Nisimwambie Mume Wangu Ukweli wa Jicho Lake

Admin naomba unifiche jina, huku Tunduma tunajuana. Nina miaka 27, mume wangu anauza mahindi hapa mpakani. Wale wa "muombe Mungu dada" mniache, nimeomba hadi magoti yameota sugu.

Mtoto wetu wa kwanza tulimzika. Alianza na weupe ndani ya jicho, ukimpiga picha linang'aa kama la paka. Ukweni wakasema mama yangu kamroga mjukuu wake, tukapelekwa kwa mganga ng'ambo ya mpaka, Nakonde, Zambia. Tunafika hospitali, saratani imeshapanda kichwani. Daktari akasema ugonjwa huo mzazi anaweza kumrithisha mtoto, akauliza nani kwenye ukoo aliugua macho. Mume wangu ana jicho moja, akajibu, "Mimi nilipigwa pembe na ng'ombe utotoni." Basi, mama yangu akabaki mchawi, hadi leo hakanyagi kwetu.

Sasa nimejifungua tena. Daktari alisisitiza tukipata mtoto mwingine apimwe macho mapema, wakiwahi wanatibu. Mume kagoma: "Ukimpeleka wakamng'oe mwanangu macho, usirudi hapa."

Juzi tunachambua maharage, mama mkwe akaanza kulia. "Mwanangu, hakuna cha ng'ombe. Jicho la mumeo liling'aa hivyohivyo akiwa mchanga, likatolewa hospitali ya misheni. Baba yake alikuwa migodini Zambia. Angejua nimezaa mtoto wa hivyo angenirudisha kwetu, nikasingizia ng'ombe."

Jamani! Mama yangu katukanwa misibani, kumbe huyu anajua! Nilitaka kumvaa. Akapiga magoti, mtu mzima yule, akaniapisha kwa kaburi la mwanangu: "Usimwambie. Akijua ugonjwa ulitoka kwake, atajinyonga."

Na mimi naogopa, maana tangu msiba mume wangu si mzima. Shati la marehemu mtoto analiweka chini ya mto, ukiligusa ni ugomvi. Lakini bila kuusikia ukweli huo hataruhusu mtoto apimwe, namjua kwa ubishi.

Nikisema naweza kumpoteza yeye. Nikinyamaza naweza kumpoteza huyu ninayemnyonyesha hapa huku naandika, kaning'ang'ania kidole hataki kuachia. Nivunje kiapo, au nimbebe mwanangu niondoke na ndoa ife? Nishaurini ndugu zangu, ila fanyeni haraka, mtoto anakua.