Mama yangu alikuja Nairobi, akakataa kuingia kwangu kwa sababu ya buti mlangoni

Wakuu, salamu kwenu wote mlio nyumbani na sisi tunaohangaika nchi za watu.

Mimi ni mama wa miaka 48, shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo herufi zikipinda mnivumilie. Ila haya yamenikuta mimi mwenyewe, sijasimuliwa na mtu, na majina nataja. Nimechoka kuwafichia watu aibu zao.

Kwetu ni Shirati, mkoa wa Mara. Niliolewa na Mkenya, Ouma, fundi wa milango ya chuma, akanileta Kibera, upande wa Kisumu Ndogo. Nikakaa naye miaka kumi na tisa.

Huyo Ouma alinivunja mkono huu wa kushoto. Akienda kazini ananifungia kwa nje kama kuku. Komeo alichomelea mwenyewe, si ndiyo ufundi wake.

Miaka mitatu iliyopita nilitoka na nguo nilizovaa tu. Sasa nimepanga single room yangu Kawangware, huku Gatina, ghorofa ya pili. Omena, yaani dagaa, nauzia hapo hapo chini.

Wa pili kumtaja ni kaka yangu wa damu, Otieno. Yuko kule Shirati, anaendesha pikipiki aliyopewa na Ouma. Mama alikuwa hana simu, nikitaka kuongea naye lazima nipitie kwa Otieno. Na Otieno kazi yake ilikuwa kumwambia, "Dada na shemeji wako poa, wamehamia nyumba kubwa."

Mwaka huu mama akapata simu yake, kitochi. Nikamwambia yote. Akasema, "Nakuja kuona kwa macho yangu."

Otieno akajipachika kwenye safari. Eti anamsindikiza.

Sasa kwa ambao si Wajaluo, mnielewe hapa. Kwetu mama mkwe haingii ndani mkwewe akiwemo, na kulala nyumba yake ndiyo kabisa hapana, hata mvua ya mawe inyeshe. Kwa hiyo mama akilala kwangu, ukoo mzima utajua hapa si kwa Ouma, ni kwangu. Asipolala, basi mimi bado ni mke wa Ouma, na wataendelea kunirudisha.

Huo ndio mtihani niliokuwa nao.

Nikawapokea asubuhi, Jumamosi ya wiki juzi. Chai mama hakutaka. "Nipeleke kwanza kule ulikokuwa."

Tukaenda Kisumu Ndogo. Jirani yangu wa zamani, Mama Risper, bado yuko na meza yake ya samaki. Alipomwona mama akamshika mikono yote miwili. "Mathe, huyu tulikuwa tunampitishia uji kwa dirisha."

Ouma alikuwa kazini. Mama akaenda kwenye ule mlango. Akaligusa komeo, akalivuta, akalirudisha. Otieno alikuwa anaangalia simu yake, sijui alikuwa anatafuta nini humo.

Tukaja Gatina. Mama akashangaa nguo zilivyoanikwa kwenye maghorofa, "Hivi hawa wote wanajua shati lipi ni la nani?" Nikaona amechangamka kidogo, nikashukuru Mungu.

Wakuu, hapo sasa nilijiharibia mwenyewe.

Mwanamke ukiishi peke yako hizi plot za kupanga, unaweka viatu vya mwanaume mlangoni ili wahuni wajue kuna mtu. Mimi nilinunua buti za mtumba, kubwa kama mitumbwi. Nimezizoea mpaka sizioni.

Mama akaziona. Akarudi nyuma ngazi mbili, akajifunika kanga usoni.

"Mkwe yuko ndani?"

Otieno akacheka. "Si nilikwambia, Mama? Au ni bwana mwingine tena?"

Kabla sijaeleza, Mama akakaa pale kwenye ngazi, begi mapajani, kama mtu anayesubiri gari la kurudi.

Aliyeniokoa ni jirani wa mlango wa pili, Mama Mwende, Mkamba wa Kitui, mshona nguo. Alikuwa anaanika. Akapaza sauti, "Mathe, hizo viatu hazina mwenyewe! Hiyo ni askari tu! Hata mimi nilikuwa na zangu, wakaziiba!"

Mama akafunua uso. Akainuka, akachukua buti moja, akaigeuza. Soli safi. Akaingiza mkono ndani, akatoa gazeti walilojazia wauza mtumba.

Jamani, mama yangu alicheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, na Mama Mwende naye akadakia huko kwake.

Akaingia.

Nikapika ugali na omena, tukala. Saa kumi na moja Otieno akasimama. "Mama, twende tukalale kwa ndugu yake Ouma. Hawa hawajaachana kikwetu. Ukilala hapa utaleta mkosi."

Mama alikuwa ananawa mikono. Hakuharakisha. "Wewe nenda. Huyo ni shemeji yako, mnapendana. Mimi nimekuja kwa binti yangu."

"Mama..."

"Otieno, mlango huo hapo."

Akaondoka. Mama akanigeukia, "Kwenye hiki kitanda nalala upande gani?"

"Ukutani, Mama."

Akapanda. Kabla hata hakujawa giza, alikuwa anakoroma. Mimi nilikaa kwenye stuli na vyombo vichafu nikilia, ila kilio cha kutua mzigo. Sijawahi kusikia mkoromo mtamu hivyo.

Funzo langu: habari zako zipeleke mwenyewe. Ukimpa mtu mwingine mdomo wako, atautumia kulia ugali wake.

Otieno, najua huwa unaingia humu kusoma. Soma.

Na nyie wenzangu mnaoishi peke yenu ugenini, watu wa kwenu walipokuja, walilala? Nielezeni hapo chini, matusi pia nasoma.

Mama bado yupo. Leo asubuhi amenigombeza kwamba sijui kutandika kitanda chake.