Namba Tasa Darasa la Saba

Nilikuwa nafundisha hesabu Mugango miaka ile chaki inakuja kwa mgao kama sabuni. Nina mwaka wa tatu kwenye ndoa, sijazaa. Mama mkwe hakuwaga ananisema moja kwa moja, alikuwa anausemesha ugali: "We ugali, kuna binti kule Manyamanyama ana nyonga, huyo ndiye angekusonga ukatulia." Mume wangu anatafuna tu, utadhani mdomo alipewa wa kulia peke yake. Iliniuma, sifichi.

Siku moja nilikuwa nafundisha namba tasa, yaani namba isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Kwa kutaka kuwakomesha, nikawatajia elfu kumi na moja. Wote wakaandika 11,000.

"Elfu kumi, halafu na moja!" nikafoka. Wakaandika vilevile. Ikabidi niandike mwenyewe 10,001 kwa tarakimu kubwa za hasira, chaki ikapungua bure.

Tukaanza kuigawa. Kwa tatu, inabaki. Kwa saba, inabaki. Tulipofika sabini na moja ikabaki tena, na chaki ikaisha, nakwaruza ubao kwa kucha. Nikasema liwalo na liwe.

"Haya, hii ni namba gani?"

"Tasa!"

"Sijasikia!"

"Tasa, mwalimu!"

Kumbe mama mkwe alikuwa anapita dirishani na beseni la dagaa. Alilitua mlangoni, akaingia kama moto.

"Nani tasa, nyie washenzi?"

Darasa zima likasimama. "Shikamoo, bibi!"

"Shikamoo za nini! Mnamtukana mkwe wangu, na yeye mwenyewe anawaitikisha!"

Nilishangaa kuliko watoto. Miaka mitatu sikujua kama huyu mama anaweza kunipigania.

"Mama, si mimi. Ni hiyo namba ubaoni. Haigawanyiki."

Akaitazama. "Mmeigawa mpaka ngapi?"

"Sabini na moja."

"Mbona mkaacha?"

"Chaki imeisha, mama."

"Ala! Chaki iishe kwenu, tasa awe yeye?"

Akafungua pindo la kanga, akanipa kipande cha muhogo mkavu. "Andikia hiki."

Muhogo ukaandika vizuri tu. Nikagawa kwa namba tasa inayofuata, sabini na tatu. Ikaingia mara mia moja thelathini na saba, hakikubaki kitu. Mama mkwe akapiga kigelegele, utadhani namba imejifungua salama.

Jioni tulikaa kula. Nikasubiri ugali usemeshwe. Safari hii alimgeukia mwanawe.

"Kesho unaenda Musoma, hospitali."

"Mimi? Naumwa nini, mama?"

"Sijui. Huyu tumempima miaka mitatu, wewe hata mara moja hatujakugawa."

Mume wangu akaacha kutafuna. Nikamwongezea ugali.