Ukoo ya Wodi

Hapana, hiyo si matusi. Najua bado hujauliza, lakini nimeona macho yako vile mjukuu wangu ameniita. Kila mugeni anashangaa: bibi muzima na meno yake, anaitwa Wodi? Kaa, mama, chai iko kwa moto, nitakuambia.

Juzi tu walinipeleka hospitali kubwa ya Arua sababu ya hii goti. Nesi mmoja, mtoto kabisa, kope za kubandika, akasimama mlangoni akaita na sauti ya mbuzi, "Wodi ya wanawake, wodi ya wanawake, mkuje huku." Mimi nikainuka nikasema, "Niko hapa." Watu wakacheka, hata mgonjwa mwenye dripu akashika tumbo. Mimi mwenyewe nikacheka, lakini katikati ya kucheka nikasikia harufu ya spiriti, na mara moja nikawa Koboko tena, ile miaka mutu ya kwetu alikuwa amekalia kiti ya rais huko Kampala, na mimi nikawa mtoto mwenye ukoo kubwa.

Jina ya dini ninayo, sheikh alinipa mbele ya watu. Lakini mama yangu alikuwa wa kwanza kwa boma yetu kuzaa hospitali. Wengine wote walizaa nyuma ya nyumba, huyu anashika mgongo, yule anachemsha maji. Habuba, ndiyo nyanya yangu, sisi Wanubi tunaita hivyo, alinuna. Alikuwa na sauti ya kukwaruza kama mutu anaosha sufuria na majivu. Akasema, "Nyumba yangu haikutosha? Amezaliwa wodi, basi aitwe Wodi." Ikashika. Baadaye mama akaolewa tena huko Omugo, akaniacha kwa habuba Koboko pamoja na hiyo jina.

Meno yangu ya utoto, ya mbele, yalikuwa yanang'oka wakati Sista alikuja. Hakuwa mtawa, alikuwa nesi mkubwa tu kutoka nchi ya Ireland, mrefu, shingo nyekundu kama ya kuku aliyenyonyolewa. Nyumba yake ilikuwa Arua, lakini kila Jumatano Landrova ilimleta Koboko kupima watoto kwa baraza ya duka ya Muhindi, ile ilibaki tupu Wahindi walipofukuzwa. Mpaka leo nikisikia jiko ya primus inanguruma, nakumbuka sindano zikiruka ndani ya maji ya moto, na watoto wananing'inia kwa mizani na zile suruali za kitambaa, wanalia kila mmoja na tuni yake, na wamama wananong'ona kwamba Mzungu anawapima kama nyama.

Skuli sikwenda. Lakini sauti ya mutu nikisikia mara moja inakaa hapa kwa koo, haitoki. Kikakwa nilisema kama Mkakwa, Kilugbara kama mutu ya Ajia, Kinubi ndiyo ya nyumbani. Kwa hiyo nikawa mdomo ya Sista. Kiswahili yake, maskini, ilikuwa inachechemea. "Mtoto hapana kula? Kwa nini hapana kula?" Nilikuwa nageuza kwa luga ya mama mwenye mtoto, na kama mama amejibu ujinga, naongeza kachumbari yangu kidogo.

Siku ya kwanza kabisa aliniuliza jina. Nikasema, "Wodi." Akasimama na sindano juu.

"Wewe nani?"

"Wodi."

Akacheka mpaka akakaa kwa sanduku ya dawa. Akajigonga kifua. "Mimi Ward. Baba yangu Ward. Wewe Ward. Wewe ndugu yangu." Kwa mdomo yake ilitoka kama mutu ana kiazi moto, lakini kwa masikio yangu ilikuwa Wodi tu, safi kabisa.

Labda alikuwa anacheza. Mimi singejua. Kwetu mutu hacheki akikuita ndugu, kwa sababu ukishasema ndugu, umesema pia utanizika.

Halafu akaanza kunipa hiyo ukoo, polepole, kila Jumatano sindano zikichemka. Akasema kwao Ireland, Ward wa zamani walikuwa waimbaji ya machifu. Chifu anawalisha, wao wanamsifu. Chifu akiwa na mkono mgumu, wanaimba matusi, na uso yake inatoka majipu. Hiyo nilipenda sana. Nilijaribu kwa jirani yetu muuza mandazi, nikamwimbia jioni yote, na hakutoka hata chunusi. Akasema kwa Waingereza, Ward walikuwa walinzi ya mlango, hakuna anapita bila wao. Mwingine alikuwa mwizi ya meli baharini, mkali, halafu akaenda kwa Waarabu akasilimu, akafa Mwislamu. Hiyo nilikimbia kumwambia habuba. Habuba akaacha kusuka, akasema, "Basi huyo anaweza kuwa ndugu yetu."

Kulikuwa na mama moja pia, Ward, wa zamani sana. Huyo alitembea kwa miguu kutoka nchi yake mpaka kwa Papa, kuomba wasichana wasome, na kwa sababu ya hiyo walimfungia. Sista akiisema, sauti ilishuka. Akanishika kidevu, "Na wewe soma. Mwaka ingine, mimi peleka wewe." Mwaka ingine ikaja, ikapita, akasema tena vile vile. Na kulikuwa na daktari, Ward, alitengeneza sanduku ya kioo, akaweka miche ndani, ikavuka bahari bila kukauka. "Chai yako," Sista alisema, "ilisafiri kwa sanduku ya ndugu yetu." Tangu hapo nilikunywa chai kama mali ya babu.

Wakati ingine alinichukua kwa Landrova mpaka Arua, nikalala kwake, nikaona hospitali. Rafiki yangu, nilitoka kifua mbele. Wodi ya wanaume, wodi ya watoto, wodi ya kifua kikuu, kila mutu anataja jina yetu. Nilifikiri ukoo imenyakua hospitali yote. Dresa mmoja, yule wa kufunga vidonda, aliponifukuza mlangoni nikamwambia hiyo nyumba ni ya kwetu, na kwa kweli niliamini.

Kwa njia kulikuwa na rodbloki, gogo juu ya mapipa. Askari alikuwa mnene, sauti inatoka puani. "Simamisha. Huyu mtoto ni ya nani?" Sista anatoa kichwa dirishani, "Huyu yetu. Ward kama mimi." Askari anacheka mpaka bunduki inatingika. "Mweusi hivi? Haya, Ward kubwa na Ward ndogo, pita." Kila safari ilikuwa vile. Mimi nilingoja rodbloki kuliko biskuti.

Habuba ndiye hakuamini upesi. "Ndugu tunaona kwa matanga," alikwaruza. Halafu mume wake akafa, babu yangu. Na Sista akaja. Alivua viatu, akakaa chini kwa mkeka na wamama, miguu yake mirefu haijui iende wapi, akalia kweli, pua nyekundu. Alikula na mkono kwa sinia moja na sisi. Watu walipoondoka, habuba alichukua majani yake ya rangi akaanza kusuka tabaga, ile kifuniko ya chakula kama kofia kubwa. Tabaga ya namna hiyo, nyekundu na zambarau mpaka juu kwa ncha, habuba alisuka kwa binti anayetoka kwa nyumba yake kuolewa. Alimpa Sista na mikono yote mbili. Sista alisema, "Asante, habuba," na hiyo neno "habuba" aliisema vizuri, bila kuchechemea.

Ile baraza sasa wanauza simu. Mizani sijui ilienda wapi. Habuba amelala Sudan, tulitembea naye mpaka huko, na mimi sikusuka tabaga tena, hata mabinti wangu walitoka mikono mitupu. Wananiambia nina roho mbaya. Chai nakunywa, lakini sisemi ni ya babu.

Unataka kujua mwisho. Ilikuwa wakati vita inakaribia, serikali imeanguka, Arua inahama, magodoro inatembea juu ya vichwa. Landrova ikaja Koboko na si Jumatano. Daktari Mzungu alikuwa anaendesha, Sista kando yake, tabaga kwa magoti. Habuba alifunga nguo zangu kwa leso akanisukuma nyuma ya gari. "Enda na watu yako. Mimi mzee, nitafuata na miguu." Sista aligeuka akanitazama, hakusema panda, hakusema shuka. Tukaenda.

Karibu na mpaka wa Sudan kulikuwa na gogo na mapipa, na yule yule askari mnene, lakini alikuwa amekonda. Alisema kwa pua, "Wazungu wapite. Wengine wote chini, watembee." Halafu akaniona nyuma, na uso yake ikafunguka kidogo. "Ah, Ward ndogo. Sista, si huyu yenu? Sema tu, apite."

Daktari akasema kitu kwa Kizungu, haraka haraka, anapiga usukani na kidole. Mimi nilikuwa nimeshaanza kutabasamu, kwa sababu nilijua sasa inakuja ile maneno. Sista akashika ncha ya tabaga. Hakugeuka. Akamwambia askari:

"Huyu hapana yetu."