Mbio za Siku Nane Kwenye Mlango wa Bani

Enzi zetu sisi watoto wa Katumba, mbio za baiskeli tulikuwa tunaziona kwa masikio. Usicheke. Kama una umri wangu na ulikulia kwenye vijiji vya tumbaku huku kwetu Mpanda, unanielewa vizuri. Televisheni tulikuwa tunaisikia tu kama habari za theluji. Nyumbani kulikuwa na redio moja, masikio kumi na mawili, na baba aliyependa baiskeli kuliko wengine walivyopenda mpira. Na mpaka leo nasema bila aibu kwamba tuliziona zile mbio vizuri kuliko hawa wanangu wanaozitazama kwenye simu huku wamejilaza kwenye kochi.

Zilikuwa mbio za nchi ya jirani, kule ng'ambo ya ziwa walikotoka wazazi wetu. Waliikimbia wakiwa vijana, wakaanza maisha upya kwenye pori ambalo tembo walikuwa hawajakubali kuhama. Siku nane mfululizo waendesha baiskeli walikuwa wanazunguka nchi, kila siku na kipande chake. Leo wanatoka mji huu mpaka ule, kesho wanapanda milima, keshokutwa wanashuka kwenye joto la ziwani. Mtangazaji alikuwa anatangaza kwa Kirundi, anakimbiza maneno kana kwamba na yeye yuko juu ya baiskeli. Baba alizijua zile barabara. Ukitajwa mlima, anafumba macho na kusema, "Hapo kuna kona, halafu kuna mteremko wenye kokoto." Ujana wake aliwahi kusomba ndizi kwa baiskeli huko huko. Nilikuwa mdogo, lakini niliona kwamba siku hizo nane kwake zilikuwa za kwenda nyumbani na kurudi bila kuinuka kwenye kigoda.

Matangazo yalikuwa ya alasiri, saa ambayo sisi tuko mbele ya bani, kile kibanda cha kukaushia tumbaku, tunafunga majani kwenye vijiti. Aliyewahi kufunga tumbaku anajua ile gundi nyeusi inavyoshika vidole. Usipojisugua kwa majivu, ugali wako wote unakuwa mchungu, hata ukipewa dagaa wa Kigoma wa kukaanga. Redio ilikuwa juu ya gogo, betri zake zimeanikwa juani tangu asubuhi ili zipate nguvu. Mwendesha baiskeli akianguka, mikono yetu yote inasimama, na Mama anasema palepale, "Maneno hayafungi tumbaku." Tunaendelea kufunga.

Sasa nikwambie utaratibu wa nyumba yetu, maana sijausikia kwa watu wengine. Kabla mbio hazijaanza, Baba alikuwa anatupigisha kura kwa vijiti, na kila mtoto anapata mwendeshaji wake. Huyo ndiye wako mpaka siku ya nane, apate, akose. Jioni, mtoto ambaye mtu wake amefika nyuma ya wengine ndiye anayekwenda kisimani kwanza. Kwa hiyo sisi tulishabikia kwa mabega. Mtu wako akipata pancha huko ng'ambo, huku Katumba wewe unabeba ndoo.

Mwaka ninaoukumbuka kuliko yote nilikuwa darasa la tano. Kaka yangu Deo alikuwa ananizidi miaka miwili, na mdogo wetu Leonsia alikuwa bado anang'oka meno. Mwaka huo Baba aliongeza zawadi. Alikuwa na baiskeli kubwa nyeusi ya kichina, yenye bomba la juu lililomfika Deo kifuani na keria ya kubebea gunia zima. Hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuigusa, hata kuifuta vumbi alikuwa anaifuta mwenyewe. Akasema, "Ambaye mtu wake atakuwa mbele ya wa wenzake siku nane zikiisha, nitamfundisha kuendesha. Awe wa kiume, awe wa kike." Bibi yetu alikuwa anapepeta maharage, ungo ukasimama. "Msichana na baiskeli, wapi na wapi?" Baba akaanza kukata vijiti vya kura. Mimi nilishajibu moyoni, kwa sababu shule ya kuendelea baada ya la saba ilikuwa mjini Mpanda, na niliwajua wasichana walioishia nyumbani kwa sababu ya miguu tu. Niliitaka ile baiskeli kuliko nilivyowahi kutaka kitu.

Kura ikapigwa. Deo akampata Namba Moja, bingwa wa mwaka uliopita. Leonsia akapata kijana ambaye siku ya pili alishikwa na tumbo la kuendesha, akaingia kichakani na mbio zake zikaishia humo. Mimi nikapata Namba Kumi na Saba, mtu ambaye hata mtangazaji alikuwa hamjui, alimtaja kwa namba kama mfungwa.

Siku ya kwanza Namba Moja alishinda. Ya tatu akashinda tena. Deo akaanza kutembea ameweka mikono kwenye usukani wa hewani, anakata kona kati ya nyumba na jiko. "Imelda, we jiandae na ndoo." Wa kwangu hakushinda hata siku moja. Alikuwa anafika katikati ya kundi, wa tisa, wa kumi na mbili, ametulia tuli. Nilitaka kulia. Ndipo Baba akatukalisha na kutufundisha siri ya mbio za namna hii. Kushinda leo siyo kushinda mbio. Wanaofika pamoja kwenye kundi wanaandikiwa muda mmoja, awe wa kwanza, awe wa ishirini. Anayechelewa kundi la mbele ndiye anayeandikiwa deni la dakika na sekunde, na mwisho wa siku nane mwenye kuchelewa kidogo kuliko wote ndiye bingwa.

Deni hilo Baba alikuwa analiandika kwa mkaa kwenye mlango wa bani. Redio yenyewe ilikuwa inasoma msimamo wa jumla mwishoni kabisa, na mwishoni ndipo stesheni nyingine ilipokuwa inaingia juu yake na nyimbo za rumba. Kwa hiyo kwetu mlango ndio uliokuwa na neno la mwisho. Mpaka majirani walikuwa wanapita kuusoma wakitoka shambani.

Siku ya pili Namba Moja alichelewa sekunde hamsini. Siku ya nne wangu alipata pancha akachelewa dakika moja na sekunde kumi, na nikabeba ndoo kimya kimya. Siku ya sita, kwenye mlima ule ule wa Baba wenye kokoto, Namba Moja akachelewa sekunde arobaini na tano, wangu akafika na kundi la mbele. Siku nyingine zote walifika pamoja. Siku ya nane Namba Moja akashinda kwa mara ya tatu, kundi zima likiwa nyuma ya gurudumu lake. Rumba ikaingia, Baba akazima redio.

Walikuwepo majirani kama wanane hivi. Baba akashika mkaa. Kwa Deo akaandika hamsini na arobaini na tano, jumla tisini na tano. Kwangu akaandika moja na kumi. Akatangaza, "Wa Imelda ana dakika moja na kumi. Wa Deo hajafikisha hata dakika. Deo, kesho asubuhi." Deo akarukaruka, wazee wakampa mkono.

Mimi nikaganda. Baba yangu alikuwa mkali wa mizani pale chama cha ushirika kinapopima tumbaku. Kilo na pointi zake alikuwa anazijumlisha kichwani kabla karani hajashika kalamu, na hakuna aliyewahi kumkosoa. Na pointi, pointi mia ndiyo kilo. Miaka yote hiyo alikuwa amejumlisha dakika kama tumbaku.

Kumkosoa baba mbele ya wanaume wenzake, kwa mtoto wa kike wa miaka hiyo, kulikuwa na bei yake. Lakini niliona Mpanda inaondoka na Deo juu ya keria, na mdomo wangu haukuningoja. "Baba, dakika siyo kilo. Dakika inajaa kwenye sitini."

Mama akaacha kufunga, yeye mwenyewe aliyekuwa anatukataza. Jirani mmoja akasema, "Baba Deo, mtoto amekuvua kofia." Baba akaninyooshea mkaa. Sikuamini. Tisini na tano, toa sitini, ni dakika moja na thelathini na tano. Wangu ni dakika moja na kumi. Nikapiga mstari na kuandika tofauti yake, sekunde ishirini na tano, nikaizungushia duara ili hata Bibi asiyejua kusoma aone kwamba jambo limekwisha.

Baba akacheka. Alicheka mpaka akakaa chini. "Kumbe nimekuwa nawapima watu kama marobota," akasema. Kisha akamgeukia Deo na kumwambia habari ndiyo hiyo, mlango umesema. Deo aliondoka akaenda nyuma ya nyumba, na usiku ule hakula. Mimi nilikula, tena niliongeza. Sikumwonea huruma hata kidogo, nisidanganye.

Nilifundishwa kwa siku sita. Baba alikuwa anakimbia nyuma ameshika keria, anahema, ananiambia nisitazame gurudumu, nitazame ninakokwenda. Siku ya sita nikasikia kuhema kwake kumekuwa mbali, nikajua ameniachia. Bibi alifunika uso kwa kanga. Miaka miwili baadaye nilifaulu, na ile barabara ya vumbi ya kwenda Mpanda niliijua shimo kwa shimo. Leo mimi ni bibi shamba. Nimezunguka vijiji vya mkoa huu mpaka Sitalike, kwanza kwa baiskeli, siku hizi kwa pikipiki, na mkulima wa hapa anayenibishia hesabu za mbolea sijamwona.

Sasa njoo Majengo, nyumbani kwangu. Mwanangu Kelvin ana miaka kumi na minane. Hawezi kwenda dukani kununua chumvi bila kuita bodaboda, lakini ni mtaalamu wa mbio za baiskeli. Mwaka huu tulizifuatilia pamoja zile mbio, yeye na simu yake, mimi na daftari langu, maana bado najumlisha kwa mkono. Alinicheka siku zote nane. Siku ya mwisho jumla yangu ikakataa kulingana na ya kwake.

"Simu yako imekosea," nikamwambia.

"Mama, simu haikosei. Hujatoa bonasi." Akanisomea sheria yenyewe, taratibu, kama ninavyowasomea wakulima maelekezo ya dawa. Anayeshinda siku anapunguziwa sekunde kumi kwenye jumla yake. Akaperuzi zaidi akaniambia mbio hizi sheria hiyo zinayo tangu zamani, kabla hata mimi sijaanza shule.

Nikafunga daftari. Namba Moja alishinda siku tatu. Sekunde thelathini. Na mimi nilimshinda Deo kwa ishirini na tano.

Nikampigia palepale. Deo anaishi Katumba bado, kwenye kiwanja cha Baba, analima mahindi. Nikamweleza yote, bonasi, hesabu, mlango. Aliniacha nimalize.

"Sekunde tano," akasema. "Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu mwaka ule ule. Haukupita mwezi, alikuja mjomba kutoka ng'ambo na gazeti lenye matokeo ya mbio, bonasi zimeshatolewa. Wewe ulikuwa umekwenda kusaga, kwa baiskeli. Nikamwambia Baba, haya, zamu yangu hiyo. Baba akaniuliza, 'Dada yako ameshajua kuendesha. Sasa unataka tumnyang'anye nini?' Nikampa lile gazeti. Akawashia moto wa bani."

Nikamuuliza yeye baiskeli alijifunza wapi basi. Akasema alijifundisha mwenyewe, kwa magoti yake, mimi nikiwa nimelala mchana wa Jumapili. Mwezi mzima Mama alimpaka dawa ya vidonda, na mimi nilikuwa namcheka kwamba anaanguka akiwa anatembea.

Nikilinganisha enzi zetu na hizi, sisemi kwamba tulikuwa na akili kuliko watoto wa leo. Tulikosea hesabu, tukakosea bingwa. Kelvin anapata mshindi kabla jasho halijamkauka mshindi mwenyewe, tena na bonasi zake zote, na ni vizuri, ukweli ni ukweli. Lakini sijui nani atamtunzia Kelvin sekunde tano kwa miaka thelathini na ushee bila kumwambia. Mimi nilitunziwa na watu wawili. Mmoja amelala Katumba, kaburi lake tumelijengea. Wa pili nilimwambia asante, akaniambia nisimalize vocha yangu kwa kulia, chai yake inapoa, akakata simu.